MASWALI YENU: Eti daktari wa Paralimpiki ndo kasababisha mjomba asilale?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mjomba wangu alidondoka kutoka juu ya mnazi mgongo ukavunjika, kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Sasa yuko wodini na manesi wanamgeuza kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, mpaka anawagombeza wamuache alale. Nesi mmoja akatuambia utaratibu huo uliletwa na daktari yule yule aliyeanzisha Paralimpiki, ile michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Kweli hiyo au alikuwa anatupoza tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Poleni sana, mpe mjomba salamu zetu. Nesi hajawapoza. Kugeuza wagonjwa kulikuwepo kabla ya daktari huyo, ila aliyekomaa nako mpaka kikawa kitu cha lazima ni Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyezaliwa 1899. Mwaka 1917 akiwa kijana anasaidia hospitali aliletwa mchimba makaa ya mawe, jibaba lenye nguvu zake, mgongo umevunjika, na wakubwa wakamwambia asijisumbue kuandika sana maana huyu atakufa tu. Wiki tano hazikuisha, akafa kweli.

Guttmann akaja kuwa daktari bingwa wa neva kule Breslau, mji uliokuwa Ujerumani wakati huo, halafu Wanazi wakaingia madarakani 1933 wakawafukuza madaktari Wayahudi, akabaki kwenye hospitali ya Kiyahudi. Novemba 1938 usiku wa mashambulizi dhidi ya Wayahudi akaamuru kila mwanaume atakayekuja apewe kitanda hata kama haumwi, na Gestapo, yaani polisi wa siri wa Wanazi, walipofika asubuhi akawa anawapitisha kitanda kwa kitanda anabuni magonjwa ili watu hao wasikamatwe. Machi 1939 akakimbilia Uingereza na mke na watoto wawili.

Februari 1944 akakabidhiwa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo hospitali ya Stoke Mandeville. Kazi yenyewe madaktari wengi hawakuitaka, maana wagonjwa hao wengi walikuwa wanakufa, na kinachowaua siyo ule mfupa, ni vidonda vya mgandamizo na mkojo. Mtu asiyesikia maumivu hajigeuzi, ngozi ya makalioni na visiginoni inabanwa damu haipiti, inaoza, vijidudu vinaingia mwilini. Kibofu nacho hakijimwagi, mkojo unarudi kwenye figo. Basi Guttmann akatupilia mbali yale maplasta magumu (POP) waliyofungwa wagonjwa, akaagiza wageuzwe kila masaa mawili, na mpira wa mkojo ushikwe kwa usafi wa hali ya juu. Na alikuwa anakuja mwenyewe usiku wa manane kuangalia kama wamegeuzwa, kwa hiyo kama ni kugombezwa basi manesi wa kule waligombezwa na bosi, sio na mgonjwa 😄

Michezo ilianzia humo humo wodini kama sehemu ya tiba, kwa sababu mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji mabega na mikono yenye nguvu, na pia sababu ya kutoka kitandani. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki inafunguliwa London, akapanga mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, washindani 16 tu, wanawake wawili wakiwemo. Mwaka 1960 yakafanyika Roma wakaja kama 400 kutoka nchi 23, na hiyo ndiyo inahesabiwa Paralimpiki ya kwanza, na Kenya ikaingia 1972 kule Heidelberg, Ujerumani. Alifariki 1980.

Mimi binafsi naona Paralimpiki imemfunika, watu wanakumbuka medali wakati kazi kubwa ilikuwa shuka kavu na kugeuza mtu saa nane usiku.

Kwa hiyo mjomba muacheni agombeze ila msiwaombe manesi waruke zamu. Mkiruhusiwa kwenda nyumbani kugeuza kutakuwa kwenu, basi muombeni nesi awafundishe sasa hivi, pamoja na kukagua ngozi kila siku na habari za mpira wa mkojo. Mkiona wekundu usioondoka, msimlaze upande huo na mumpigie nesi, msisubiri kidonda.