Hawakimbii kwa sababu wanapendana

Kwenye jarida lenu wiki hii mmeuliza, hivi hizi muvi za kutisha zinazocheza na akili ya mtu zinachafua picha ya ndoa na familia? Najua wengi watajibu ndiyo, manake humo mama anamfukuza mwanae na kisu, mume anamgeuka mkewe. Mi nawaandikia kutoka Makorora, Tanga, na jibu langu ni hapana kabisa, tena naona hamna aina ya sinema inayoyapa mapenzi ya nyumbani uzito kama hii.

Ingieni kibanda umiza chochote huku siku inaonyeshwa muvi ya hivyo, kelele ni zile zile, toka humo ndani we dada, unasubiri nini! Sasa hilo ndo swali lenyewe, na muvi nzima ipo kulijibu. Mpangaji akiona milango inajifunga yenyewe anabeba begi lake anasepa, lakini mama hamwachi mtoto, na mke hamwachi mume aliyeanza kubadilika, wanabaki, na huko kubaki ndo kunatutoa jasho sisi tunaoangalia. Toa mapenzi humo, muvi imeisha dakika ya kumi.

Chukua The Babadook ya 2014, ya Australia, kaiongoza mwanamke anaitwa Jennifer Kent. Amelia ni mjane, mumewe alikufa kwa ajali ya gari akimpeleka hospitali kujifungua, kwa hiyo siku aliyozaliwa Samuel ndo siku aliyokufa baba yake, na mtoto anakaribia miaka 7 hajafanyiwa besdei siku yake yenyewe hata mara moja. Vitu vya marehemu vimefungiwa chumba cha chini, kumtaja ni mwiko, na Babadook, zimwi lililotokea kwenye kitabu cha hadithi anachosomewa mtoto, linanenepa humo humo kwenye huo ukimya. Amelia anampenda mwanae na kuna muda hataki hata kumwona, vyote kwa mpigo, na muvi haimwiti mama mbaya. Mwisho zimwi halifi, wanaishi nalo huko chini, mama analipelekea minyoo kwenye bakuli, na Samuel anapata sherehe yake.

Sisi huku mtu akifiwa matanga yanakaliwa, majirani wanapika, mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, na naamini Amelia angepata hata nusu ya hayo asingefika pale. Ila eda ikiisha je? Nimeshaona mjane akibadilika watu wanasema moja kwa moja ana jini, anapelekwa kwa mganga huyu na yule, mi habari za majini sibishani nazo, lakini katika wote wale hakuna aliyekaa naye chini akamwambia hebu tuongee kuhusu mumeo.

Halafu kuna His House ya 2020, hii ndo inanikaa rohoni kuliko zote. Bol na Rial, mume na mke, wamekimbia vita Sudan Kusini wamepewa nyumba Uingereza, na ndani ya kuta kuna kitu. Njiani binti waliyekuwa naye alizama baharini, na unakuja kujua kwamba hakuwa wao, Bol alimchukua pale kwenye basi manake wenye watoto ndo walikuwa wanapandishwa. Hicho kitu kinamtaka Bol, kinamwahidi Rial kumrudishia binti, na Rial pamoja na hasira zote alizonazo kwa mumewe anachagua kumwokoa. Hiyo ni ndoa, jamani.

Hereditary ya 2018 nusu ya kwanza ni moto, kijana anamuua mdogo wake kwa ajali, anarudi nyumbani anapanda kitandani bila kumwamsha mzazi yeyote, asubuhi mama ndo anagundua mwenyewe. Nilitamani wabaki hapo hapo, wale wanaoabudu pepo kule mwishoni wameibebea familia mzigo wake wote, mi ikaniishia utamu.

Mtu ataniletea Rosemary's Baby ya 1968, mume anamuuza mkewe kwa wachawi ili apate kazi za uigizaji. Ni kweli, mapenzi ya yule bwana ni feki, ila ya Rosemary sio feki, na ndo maana usaliti unauma vile.

Ninachoomba jarida mkizipendekeza hizi muvi muandike na umri, manake huku vibandani watoto wanapenya tu. Mtu mzima akimwona Amelia anamkimbiza Samuel anaona mama aliyeelemewa, lakini mtoto wa miaka 8 anachoona ni mama yake mwenyewe, na usiku huo anarudi kulala nyumba moja naye.