Zawadi zifungie ukishafika, si kabla ya kupanda ndege

Usiku wa kuamkia safari nilikesha nikifunga zawadi saba. Karatasi nyekundu yenye nyota, utepe, na kila moja ina kikadi chenye jina la mwenyewe. Asubuhi, kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, begi langu la mkononi likasogezwa pembeni. Ofisa akaniita, akaniuliza kwa upole mle ndani mna nini. Nikamtajia kimoja kimoja. Akasema ni lazima aone kwa macho. Akaanza kubandua selotepu kwa ukucha, taratibu, akijitahidi asichane. Kwenye zawadi ya tatu karatasi ikachanika kona hadi kona. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Niliondoka pale nimezikumbatia kifuani, vipande vya karatasi vinaning'inia, na kikadi cha mpwa wangu sikukiona tena.

Ofisa yule hakukosea. Nilikuwa nimelaza gari la kuchezea la betri juu ya saa ya mezani, na chini yake kopo la krimu. Kwenye mashine vitu huonekana kama vivuli vilivyopandana. Chuma, waya na krimu vikikaa mahali pamoja, anayeangalia hawezi kutofautisha, na asipotofautisha anafungua. Kufunga zawadi hakukatazwi katika viwanja vingi, ila ikibidi ifunguliwe itafunguliwa, na kuifunga upya ni kazi yako. Hata begi kubwa linalokwenda kwenye tumbo la ndege hupitishwa kwenye mashine, na linaweza kufunguliwa wewe ukiwa haupo.

Kwa hiyo sasa zawadi zangu husafiri wazi. Karatasi naikunja bapa na kuilaza chini kabisa ya begi kubwa, maana ikiviringishwa hubonyea njiani na mikunjo yake haitoki. Mkasi na selotepu navyo huwekwa begi kubwa. Ukitaka urahisi zaidi, beba mifuko ya zawadi: haina uzito, na zawadi inatumbukizwa tu ukifika. Mara nyingine nafungia kwa skafu au kitenge, ambacho nacho ni zawadi.

Vitu vya majimaji ndivyo vinavyowaliza wengi, na hapa naomba usome taratibu. Tangu mwaka 2006, baada ya kugunduliwa Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, sehemu kubwa ya dunia hairuhusu ndani ya begi la mkononi chombo cha zaidi ya mililita 100. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 iliyobaki robo haipiti. Na "majimaji" ni neno pana kuliko tunavyodhani: losheni, jamu, asali, dawa ya meno, mshumaa wa jeli, hata lile tufe la kioo lenye maji na theluji ya kuchezea ndani yake. Nimemwona mama mmoja akiliacha tufe kama hilo kwenye pipa la ukaguzi, mtoto wake analitazama. Viwanja kadhaa vyenye mashine mpya vimelegeza kanuni hii, lakini usijenge mpango wako juu ya hilo. Uwanja unaoondokea unaweza kukuruhusu, ule wa kubadilishia ndege ukakunyang'anya. Manukato uliyonunua kwenye duka lisilo na ushuru yaache ndani ya mfuko uliofungwa na muuzaji, risiti ikiwa humo humo, mpaka ufike mwisho wa safari.

Vya zaidi ya mililita 100 vipeleke begi kubwa, lakini ujue vinavuja. Ndege ikiwa juu, kanieneo ya hewa ndani yake hushuka na kuwa kama uko mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa iliyobaki ndani ya chupa inatanuka na kusukuma kilichomo kutafuta upenyo. Mimi nilijifunza kwa mafuta ya nywele ya dada yangu, yaliyoloanisha kitabu cha picha cha mwanawe kurasa zote za mwanzo. Siku hizi nafungua kifuniko, naweka kipande cha plastiki mdomoni mwa chupa, nakaza kifuniko juu yake, kisha chupa inaingia kwenye mfuko wa plastiki peke yake na kukaa katikati ya nguo. Dakika tano tu, na tangu hapo sijavujiwa.

Betri zina kanuni yake, nayo iko kinyume na ya majimaji. Pawabenki na betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi begi kubwa. Zinakaa na wewe. Sababu ni moto. Betri ikishika moto karibu na abiria, wahudumu wataiona na kuizima mapema. Kwenye tumbo la ndege hakuna mtu. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 (Wh), kipimo cha nishati inayobebwa na betri. Kama pawabenki imeandikwa mAh tu (miliampea-saa), zidisha kwa 3.7 kisha ugawe kwa 1,000: ya 20,000 inakuwa wati-saa 74, iko salama. Isiyo na maandishi yoyote usiinunue kwa ajili ya safari. Midoli inayoimba au kutembea izime kabisa au uitoe betri. Bastola ya kuchezea, hata ya plastiki ya rangi kali, isikae begi la mkononi.

Uzito nisikuchoshe: mashirika mengi hutoa kilo 23 kwa begi la daraja la kawaida, lakini soma tiketi yako, kisha pima nyumbani kwa mizani ndogo ya kuning'iniza. Acha kilo mbili tupu. Kuna mtu atakukabidhi kitu dakika ya mwisho.

Na huyo mtu ndiye anayenisumbua moyo. Shangazi, rafiki wa rafiki, jirani wa binamu: "Nipelekee hiki tu, ni kidogo." Kimefungwa, kimezungushiwa selotepu. Kukataa kunaonekana ni roho mbaya, najua. Lakini kwenye kaunta utaulizwa kama begi umelifunga mwenyewe, na jibu lako ndilo litakalokubana wewe. Mimi nasema mapema, kwa heshima: "Shangazi, nitabeba, ila tukifungue tukione pamoja, kule huwa wanauliza." Nimelisema neno hilo mara nyingi, na ni mmoja tu aliyechukua mzigo wake akaondoka. Sikujuta.

Vya kuvunjika vifunikie soksi na sweta, viwe katikati, visiguse ukuta wa begi. Vya thamani vikae mkononi. Risiti zako ziwe pamoja, kwa sababu forodha huangalia thamani ya kitu hata kama ni zawadi, na asiye na risiti hukadiriwa. Kabla ya kufunga zipu piga picha ya begi likiwa wazi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaofuatwa na nchi nyingi kwa safari za kimataifa, una siku 7 tangu kupokea begi kupeleka malalamiko ya maandishi kama limeharibika. Picha yangu iliwahi kunisaidia: begi lilipasuka pembeni, na shirika halikubishana nami kuhusu kilichokuwemo.

Safari yangu ya mwisho niliwasili jioni. Watoto walipolala, mama mdogo akafunga mlango wa chumba, tukakaa sakafuni. Nikafungua begi kubwa, nikavuta karatasi kutoka chini, bapa kama nilivyoilaza. Nilikata, nikakunja, na yeye akawa anabana kila kona kwa kidole ili nipate kubandika selotepu. Hadi saa sita usiku zote tisa zilikuwa tayari, kila moja na kikadi chake.