Je, vifaru vya kulipia viruhusiwe kwenye mashindano? Niliyoyaona nikiwa pande zote mbili

Wakuu salaam. Mkuu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: una timu 8 za watu saba saba, World of Tanks (mchezo wa kompyuta wa vita vya vifaru), vifaru vya daraja la 8 (daraja likipanda, kifaru kina nguvu zaidi), mechi zitachezwa kwenye chumba cha mazoezi, yaani uwanja wa faragha mnaoupanga wenyewe, na makapteni wako wameanza kugombana kabla hata ratiba haijatoka. Nusu wanataka vifaru vya premiamu, yaani vile vya kununua kwa pesa halisi, vipigwe marufuku. Nusu wanasema aliyelipa amelipa, hela yake iheshimiwe. Majibu yaliyotangulia nimeyasoma yote na naona kila mtu anatetea gareji yake, yaani vifaru alivyonavyo. Mimi nimewahi kuchapwa na vifaru hivyo, baadaye nikanunua nikawachapa wenzangu, halafu nikaja kuandaa mashindano mwenyewe mara tatu. Kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza tuache kuita kila kifaru cha kulipia "cha kununua ushindi". Mchezo huu ulifunguliwa Ulaya Aprili 2011, na kwa miaka ya mwanzo vifaru vingi vya premiamu vilikuwa dhaifu kidogo kuliko vya kawaida vya daraja lile lile. Ulichokuwa unanunua ni mashine ya kukuingizia kredi, yaani pesa za ndani ya mchezo, na kufundishia askari wako. Chukua IS-6, premiamu nzito ya daraja la 8: mzinga wake ulikuwa unapenya milimita 175. IS-3, ambayo unaifungua kwa kucheza tu bila kutoa hata shilingi, ilikuwa inapenya 225. Ndiyo maana IS-6 na wenzake walipewa upendeleo wa kutokutana na daraja la 10, maana wangekwenda kugonga deraya bila faida. Enzi hizo kelele kubwa ilikuwa juu ya risasi za dhahabu, zile zinazopenya zaidi, ambazo mwanzoni ulizipata kwa pesa halisi pekee. Wakazifungua zikawa zinanunulika kwa kredi, na Juni 2013 Wargaming, watengenezaji wa mchezo, wakatangaza waziwazi kwamba wanaondoa kila faida ya vitani ambayo mtu anaipata kwa pesa tu. Naikumbuka furaha ya siku ile. Tuliona mjadala umefungwa.

Haukufungwa. Ulihamia kwenye vifaru vyenyewe. Mwaka 2017 ikaja Object 252U. Iweke kando ya IS-3: zote nzito, zote za Kirusi, zote daraja la 8, zote zinapenya 225. IS-3 inatoa uharibifu wa 390 kwa risasi moja, 252U inatoa 440, na deraya ya mbele ya 252U ni ukuta. Baada ya hapo wakaja Progetto 46, Bourrasque na wengine wengi. Anayesema leo kwamba premiamu ni za kutafutia kredi tu, anaongelea mchezo wa miaka ile.

Na kwenye chumba cha mazoezi hoja ya kredi haipo kabisa. Mule ndani huingizi kitu, hulipii matengenezo, hulipii risasi. Kinachobaki ni kifaru kwa kifaru na mtu kwa mtu. Mkuu, hilo likae kichwani mwako, kwa sababu makapteni wako watakuletea hoja za mechi za kila siku kwenye jambo lisilo la kila siku.

Sasa yaliyonikuta. Mwaka 2021 timu yetu ilifika nusu fainali ya mashindano madogo ya Waswahili, watu wa Dar, Mombasa, Nairobi na wawili watatu walioko Muscat, wote tukicheza kwenye seva ya Ulaya. Mwandaaji simtaji, aliandaa kwa nia njema na bila malipo. Sheria yake ilikuwa mstari mmoja: daraja la 8, kifaru chochote. Ramani ikawa Himmelsdorf, ile ya mji wenye kilima na reli. Sisi tulikuwa na IS-3 tatu, na mpango wetu ulikuwa uleule tulioufanyia mazoezi wiki nne, kila usiku baada ya saa tatu bando likiwa la bei nafuu: kushika kilima, kuwalazimisha wapinzani waje kwenye reli.

Wenzetu walikuja na Bourrasque nne.

Kwa asiyeijua, Bourrasque ni kifaru cha wastani cha Kifaransa chenye magazini ya risasi mbili, 360 kila moja. Inajitokeza, inafyatua mbili papo kwa papo, inarudi nyuma ya jengo kujaza. Peke yake ni 720. Mbili zikijitokeza pamoja ni 1440, na IS-3 yetu ilikuwa na uhai wa 1500. Mwenzetu aliyekuwa pembeni ya ngome juu ya kilima alikuwa amekaa vizuri kabisa, pembe sahihi, deraya imelala inavyotakiwa. Zikatokea mbili. Nilimsikia kwenye kipaza sauti akisema "nimebaki na tisini" kabla hata sijageuza kichwa cha kifaru changu, na kabla hajamaliza sentensi ya tatu akaja mwingine akammaliza. Wiki nne za mazoezi zilikwisha ndani ya sekunde sita au saba. Ramani ya pili ilikwenda hivyohivyo. Tukatolewa.

Baada ya mechi watu walikuwa wamechukia na maneno yakawa mengi. Kijana wetu mdogo kuliko wote, wakati ule alikuwa mwanafunzi wa chuo, yeye hakutukana mtu. Alisema: "Kaka, mimi hela ya boom (mkopo wa wanafunzi) imeingia juzi. Nikitaka kuinunua leo, naweza. Lakini nimefungua duka sasa hivi, haipo."

Nikafungua na mimi. Haikuwepo. Inaletwa kwa vipindi, inatolewa, hujui itarudi lini. Tangu siku ile nimeacha kuuliza nani kalipa. Nauliza: je, huyu mpinzani angeweza kukipata kifaru hiki kabla ya siku ya mechi, kwa njia yoyote ile iliyo wazi? Kama angeweza akaamua kutotoa hela, hapo tuna mjadala wa kawaida wa pesa na michezo, na watu wazima wanaweza kukubaliana. Kama hangeweza hata angeuza simu yake, hayo si mashindano tena. Aliyekuwa na bahati ya kuwepo dukani wiki fulani miaka miwili nyuma anabeba silaha ambayo mwenzake amefungiwa mlango.

Hili linauma zaidi ukiangalia watengenezaji wanavyotibu tatizo. Kifaru cha kawaida kikizidi makali, wanakipunguza kwenye toleo linalofuata, watu wananuna, maisha yanaendelea. Cha kulipia ni vigumu kukigusa kwa sababu mtu ametoa pesa akanunua kitu chenye sifa zile. Kwenye World of Warships, ndugu wa majini wa mchezo huuhuu, mwanzoni mwa 2019 walipanga kuihamisha meli ya Giulio Cesare kutoka daraja la 5 kwenda la 6 kwa kuwa ilikuwa inawaonea wenzake. Wateja walikuja juu, mpango ukafutwa. Kwa hiyo dawa inayobaki ni kuacha kuuza. Kwenye World of Tanks, premiamu ya Kichina iitwayo Type 59 waliiondoa dukani 2012 kwa sababu viwanja vilikuwa vimejaa Type 59 tupu. Kwa mechi za kila siku dawa hiyo inasaidia, kwani uwiano wao unapungua kadiri watu wapya wanavyoingia. Kwa mashindano inaharibu zaidi! Kifaru kikali kinabaki mikononi mwa wachache, mlango unafungwa nyuma yao, na ukali wake haujapungua hata chembe.

Mwaka uliofuata Bourrasque iliporudi nilinunua. Sioni haya kusema hivyo, nilitaka kujua. Na hapa niwape haki yao wale wanaosema ujuzi kwanza, maana kwa wiki mbili za mwanzo nilikuwa nakufa dakika ya pili. Deraya yake ni karatasi. Ukijitokeza mahali pabaya wakati magazini ni tupu, umekwisha, na hakuna pesa itakayokuokoa. Mchezaji mbovu ndani ya Bourrasque ni zawadi kwa wapinzani. Lakini nilipoizoea, nilianza kushinda ana kwa ana dhidi ya watu ambao najua kabisa wananizidi. Kuna kapteni mmoja wa Mombasa ambaye kwa vifaru vya kawaida sijawahi kumtoa, nikamtoa mara tatu usiku mmoja. Akanipongeza kiungwana. Nilizima kompyuta nikiwa sina furaha yoyote, kwa sababu nilijua nini kilichomtoa. Raundi za mwanzo za mashindano pengo la ujuzi ni kubwa na kifaru hakiamui sana. Nusu fainali na fainali, ambako waliobaki wanalingana, ndiko tofauti ya risasi moja inakoamua, na ndiko watu wanakotaka ushindi uwe na maana.

Nilipoandaa ya kwangu mara ya kwanza, kwa hasira za 2021, nilipiga marufuku premiamu zote. Nilikosea. Kuna kaka yetu mmoja Muscat, baba wa watoto watatu, anafanya kazi kwa zamu. Hana muda wa kupanda madaraja kwa miezi. Alinunua Löwe zamani sana, na hicho ndicho kifaru chake pekee cha daraja la 8. Löwe si tishio kwa mtu, ni nzito, inatembea kama mzee anayetoka msikitini, sifa yake ni mzinga unaopenya 234 na subira ya mwenyewe. Kwa sheria yangu nilimtoa yeye na wengine wanne wa aina yake, watu ambao walilipa kwa sababu ya kukosa muda, hawakuwa wakitafuta ubabe. Alinipigia simu, akaniambia bila ukali, "Basi mwaka huu nitawatazama." Lilinikaa wiki nzima.

Mara ya pili niliruhusu premiamu moja kwa kila timu. Ilikuwa afadhali mno, na kama huna muda wa kufikiria zaidi, mkuu, chukua hiyo. Bourrasque moja ni usumbufu unaoweza kuupangia mbinu. Zikiwa mbili tayari ni ile hesabu ya 1440.

Mara ya tatu ndiyo iliyotulia, na hadi leo hakuna aliyelalamika kwangu. Nilitengeneza orodha mbili. Ya kwanza ni premiamu huru, kama Löwe na IS-6, vifaru ambavyo mbadala wake wa bure ni mzuri sawa au kuliko. Hizo leta tu, hata saba. Ya pili ni vifaru vikali: Bourrasque, Progetto 46, 252U na kadhalika. Hivyo unaruhusiwa kuleta kwa idadi ambayo na wapinzani wako wanayo. Wao wana moja, nawe una nne, utaleta moja. Hawana hata moja, yako inabaki garejini. Makapteni walitumiana picha za gareji zao siku mbili kabla, na baada ya mechi kila timu ilihifadhi rekodi ili kusiwe na maneno. Kazi ya ziada kwangu ilikuwa kama saa moja kwa kila raundi.

Najua mtu atasema mbona unawaadhibu walionunua. Hapana. Mechi za kila siku wanacheza navyo usiku kucha, hakuna anayewazuia. Kwenye League of Legends, mechi za kulipwa za juu huchezwa kwenye seva maalum ambako kila mchezaji amefunguliwa wahusika wote, na hakuna anayelia kwamba aliowanunua nyumbani wamepotea thamani. Hata Safari Rally, magari ya Rally1, yale ya kundi la juu kabisa, yanakimbia barabara moja na magari ya madereva wetu wa nyumbani, vumbi ni lile lile la Naivasha, lakini kila kundi lina hesabu yake na kombe lake. Sisi hatuna seva maalum wala makundi, tuna WhatsApp na nia njema, kwa hiyo usawa inabidi tuutengeneze kwa mkono.

Umesema pia kuna zawadi ya pesa na kila timu inachangia kiingilio. Hapo kuwa mkali zaidi. Ukichukua hela ya kijana wa chuo halafu ukamkutanisha na kitu ambacho hawezi kukipata, umemdhulumu, hata kama hukukusudia.

Kwa timu zako 8, usitangaze sheria yoyote leo. Waombe makapteni wote wakutumie picha za gareji za wachezaji wao, daraja la 8 tu, mpaka Ijumaa usiku. Hesabu vifaru vikali viko vingapi na viko kwa nani. Ukikuta vimetawanyika karibu sawasawa, ruhusu idadi moja kwa wote na uendelee na ratiba. Ukikuta timu mbili zimevikusanya vyote, niandikie hapa, nitakutumia orodha zangu mbili uzirekebishe unavyoona. Na yule wa Muscat bado anatafuta timu, Löwe yake iko tayari.