Mume anataka Harrier, mimi nataka kufika kazini

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, naishi Kiseke na mume wangu na watoto wetu wawili. Kituo changu cha kazi kiko Buhongwa, upande wa pili kabisa wa jiji. Nimepima kwa simu, ni kilomita 22 kwenda tu. Mume wangu anafanya biashara ya dagaa. Gari letu la Noah linatoka saa kumi usiku kwenda soko la Mwaloni, linarudi jioni linanuka dagaa mpaka kwenye mikanda. Mimi napanda daladala mbili na bodaboda. Zamu ya usiku ikiangukia siku ya mvua, nafika kazini nimelowa hadi soksi.*

*Kikoba kimevunjwa, nimejumlisha na akiba yangu, nina milioni 15. Nataka gari dogo, IST. Mume wangu anasema IST haiwezi mvua za Mwanza na kilima chetu, itanilaza njiani. Anataka tukope tununue Harrier, au tuagize Japani gari la 4WD, la kuvuta magurudumu yote manne, aliloliona kwenye simu, lililotumika kanda ya theluji na lina tairi zake za theluji. Anasema kama limeweza barafu, tope litalishinda? Tena kadi ya gari iandikwe jina lake, maana yeye ndiye anayejua magari. Nilipokataa akasema hela zimenipa kiburi. Wiki ya tatu hii tunaongea habari za watoto tu. Nimekosea wapi?*

*Mama wawili, Kiseke*

Marahaba, mwanangu, na mwangaluka hapo Kiseke.

Hujakosea. Umeweka akiba shilingi kwa shilingi, unajua unakokwenda kila siku, na unataka kitu kinacholingana na mfuko wako. Hicho si kiburi. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa upande wa mumeo. Huyo ni mtu anayeshika usukani saa kumi usiku, mvua ikinyesha, mwaka mzima. Anazijua barabara za Mwanza zikiwa katika hali ambayo wewe huwa umelala, au uko wodini. Akisema gari dogo litakulaza njiani, huenda anamwona mkewe peke yake na sare ya kazi, saa sita usiku, gari limezimika kwenye maji. Kasoro ni kwamba ameuleta woga huo kama amri, na juu yake akaongeza neno la kiburi. Kwa neno hilo anastahili kukuomba radhi. Woga wenyewe usiutupe, una maana.

Sasa tuitazame barabara, kwa sababu naona mnabishania magari na hakuna aliyeitaja njia yako. Kutoka Kiseke kuja Buzuruga, kupita mjini, kwenda Mkuyuni, Butimba, Nyegezi hadi Buhongwa, karibu yote ni lami. Panapobaki ni kile kipande cha kutoka lami hadi mlangoni kwako. Nenda ukakitembee kwa miguu siku ya mvua, ukiwa na mumeo. Hesabuni hatua. Angalieni maji yanapita wapi, jiwe gani limejitokeza katikati ya njia, udongo unateleza kuanzia nyumba ya nani. Kama ni mita 300 za tope mara kumi na tano kwa mwaka, mtu hanunui gari la milioni 30 kwa ajili ya hizo. Siku hizo unaliacha gari kwa mlinzi unayemwamini karibu na lami, unavaa mabuti, unapanda kwa miguu. Ila kama ni kilomita mbili za mfinyanzi mwinuko mtupu, hapo nitamsikiliza zaidi baba watoto.

Niseme juu ya tairi za theluji, maana hapa nina kidonda changu. Miaka ile mume wangu, Mungu amrehemu, alileta nyumbani gari zuri kutoka yadi moja ya magari. Rimu zinang'aa, tairi nene, kashata zake, yale meno ya mpira, zimejaa. Wiki ya pili tukateremka Bugarika kwenye zile barabara za mawe, manyunyu tu, si mvua. Alikanyaga breki gari likaendelea kwenda, taratibu, kama mtumbwi unaosukumwa na upepo, mpaka likaegemea ukuta wa watu. Mwanangu wa kwanza alikuwa mapajani kwangu. Fundi alipokuja alichuchumaa, akabonyeza tairi kwa ukucha, ukucha ukazama kama kwenye sabuni. Akanionyesha ubavuni alama ndogo, mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Akasema, "Mama, hizi ni za barafu. Huku kwetu ni kifutio."

Alikuwa sahihi. Mpira wa tairi ya theluji hutengenezwa ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo uweze kushika barafu. Mwanza hata alfajiri ya Julai haifiki huko. Kwenye lami yetu mpira ule unalegea, zile kashata zilizochanjwachanjwa zinayumba, breki inachelewa, na tairi inaisha upesi. Baadhi ya magari ya mitumba kutoka Japani hushuka bandarini na tairi hizo kwa sababu ndizo zilizokuwa mguuni siku yalipouzwa. Mtu akikwambia ni nyongeza, mwambie ni gharama ya tairi nne mpya.

Na hiyo kanda ya theluji yenyewe ina jambo lake. Hokkaido na kaskazini ya Japani, wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kukaa miezi. Juu rangi inameremeta, chini paipu za breki zinaliwa, na pale shokapu zinapofungwa pameota kutu ya magamba. Magari ya kule huwekewa betri kubwa na hita kali, vitu ambavyo havitakusaidia lolote Buhongwa. Gari lililotoka huko si lazima liwe baya, lakini usilipe senti kabla ya kuona picha za uvunguni. Kama ni gari lililokwisha fika nchini, fundi aingie chini na bisibisi achokonoe. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinamung'unyika.

Kuhusu 4WD, mumeo ana hoja nusu. Magurudumu yote manne yakivuta, gari linaondoka vizuri kwenye tope na linapanda kilima kinachoteleza. Kusimama ni kitu kingine. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, Harrier na IST sawasawa, na kinachosimamisha gari kwenye lami yenye maji ni tairi. Mifereji ya tairi ndiyo inayotoa maji pembeni. Ikiwa vipara, gari linaelea juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla. Ndani ya mifereji utaona vigingi vidogo vya mpira. Tairi ikilika ikawa sawa na vigingi, imebaki milimita 1.6 na imekwisha. Mimi singengoja hapo, kwa mvua zetu ningebadilisha ikiwa imebaki milimita 3. Tazama pia tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini ina miaka 10 ni mpira uliokauka.

Maji yakifunga njia ni habari nyingine, na hapa naomba msikilizane. Mto Mirongo ukifura, pale Mabatini na mabonde yake hakuna gari la shujaa. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuliinua gari dogo, na yakifika 60 hubeba magari mengi, hata hayo marefu. Injini ikivuta maji kwa njia ya hewa, pistoni inakwenda kubana maji, na maji hayabaniki. Konrodi, chuma kinachoishika pistoni, inapinda, na hapo unanunua injini. Likizimika ndani ya maji usijaribu kuliwasha tena, hata watu wapige honi vipi. Wewe ni muuguzi wa zamu, kwa hiyo panga mapema: piga simu kwa in-charge wako, yaani msimamizi wa wodi, useme njia imefunga. Jaribuni pia ile njia ya kuzungukia Igoma kutokea Buhongwa, mchana kweupe, mkiwa wawili, mjue kama inafaa siku mjini pamefunga.

Sasa Harrier. Gari zuri, silipingi. Tupige hesabu ya mafuta tu. Kilomita 44 kwenda na kurudi, siku 24, ni kilomita 1,056 kwa mwezi. Tuseme gari dogo linakupa kilomita 14 kwa lita, hizo ni lita 75. Tuseme injini ya cc 2,400 kwenye foleni ya Mkuyuni inakupa 8, hizo ni lita 132. Lita 57 zaidi kila mwezi. Ukiweka lita kwa shilingi 3,000, ni 171,000, na kwa mwaka inapita milioni 2. Bado rejesho la mkopo. Mshahara wa muuguzi naujua, na dagaa naijua: usiku wa mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani, mumeo anarudi na Noah tupu. Mkopo haujui mbalamwezi. Na kama mnaagiza, TRA, mamlaka ya mapato, hupiga ushuru kwa ukubwa wa injini na kwa umri wa gari. Kuvuka cc 2,000 kunapandisha, na uzee wa gari unapandisha tena. Kikokotoo chao kipo kwenye tovuti, ingizeni aina ya gari na mwaka, mwone jumla mkiwa wote mezani.

Ningekuwa wewe, ningetafuta IST ya injini ya 1.5. Ile ya toleo la kwanza, iliyoanza kutoka 2002, namba yake ya chesisi inasema kila kitu: NCP60 ni ya cc 1,300, NCP61 ni 1,500 ya kuvuta mbele, NCP65 ni 1,500 yenye 4WD. Mkipata NCP65 safi isiyooza chini, mumeo amepata 4WD yake na wewe umepata IST yako. Msipoipata msisumbuke, NCP61 itakufikisha. Injini hizo ni za cheni, si mkanda, mafundi wamezizoea na spea zake ziko hadi vichochoroni. Usikubali kuiinua kwa spesa nene ili ionekane ndefu. Gari lililoinuliwa ovyo linayumba kwenye kona, na vyuma vinavyovuta magurudumu ya mbele vinakaa upande hadi vinaanza kulia. Shokapu nzima na springi nzima zinatosha.

Milioni 15 usizimalize kwenye gari. Bakiza 2. Tairi nne mpya siku ya kwanza, waipa mpya, breki pedi, oili, na bima kubwa. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari lako likipata maji au likiibwa hupati kitu.

Limebaki la kadi. Hapa sizunguki: pesa ni zako, mwendeshaji ni wewe, kadi iwe jina lako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, na kilichonunuliwa kwa jina la mmoja wenu huchukuliwa kuwa chake mpaka ithibitike vinginevyo. Usilitamke hilo kama kisu, ndoa yenu haijafika huko. Mwambie tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba Noah ina jina lake na hujawahi kulalamika, na kwamba hili litakuwa na jina lako na watoto watapanda yote mawili.

Lakini mpe kazi, na iwe kazi ya kweli. Yeye anajua magari, basi achague fundi, aende naye kukagua, aliendeshe kilima chenu kabla hujatoa hela, na neno lake juu ya uzima wa gari liwe na uzito. Akisema hili bovu, mnaliacha, hata kama rangi umeipenda. Aina ya gari na bei ni zako.

Na huo ukimya wa wiki tatu usiuvunjie sebuleni, watoto wapo na runinga inapiga kelele. Siku huna zamu, amka naye saa tisa na nusu usiku. Chemsha chai, panda Noah, nenda naye Mwaloni. Kaa kiti cha mbele na hiyo harufu ya dagaa. Atashangaa. Mkifika pale mnapongojea mitumbwi iingie, taa za karabai bado zinaonekana ziwani, muulize: "Unaponiwazia barabarani usiku, unaogopa nini hasa?" Kisha nyamaza, umwache ajibu hata akichukua muda. Akimaliza, mweleze jinsi inavyokuwa kuingia wodini na soksi zilizolowa na kumshika mtoto wa mtu kwa mikono ya baridi. Sidhani kama umewahi kumwambia.

Mkirudi mpitie kwa fundi.