Kusomea grafiki chuoni: jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada, umeuliza kama kuna sababu ya kumlipia mdogo wako ada ya chuo asomee usanifu wa grafiki, ilhali Photoshop anaijua, vipeperushi anatengeneza kwa Canva kwenye simu, na video za kufundishia zimejaa YouTube. Wakuu wengi hapo juu wamekujibu kwamba hapana, umnunulie kompyuta aanze kupiga kazi. Mimi nimesomea fani hii hapa Dar na ndiyo inayonilisha. Jibu langu ni ndiyo, asome, ila sababu zangu hazihusiani na programu. Naomba uvumilivu, nitaandika kirefu.

Kwenye programu wadau wako sahihi kabisa. Photoshop, Illustrator, CorelDRAW, zote mtu anajifunza nyumbani akiwa na bando na moyo wa kukaa. Sisi muhula wa kwanza kompyuta hatukuigusa. Tulipewa manila, penseli, rula, brashi na rangi nyeusi, tukaambiwa tuandike herufi kubwa kwa mkono. Wapo walionung'unika kwamba hawakuja chuo kujifunza kuandika.

Mwalimu akatupa maneno matatu: TAWI LA WAVUVI. Jaribu mwenyewe kwenye karatasi. Ukipima kwa rula na kuacha nafasi sawa kati ya kila herufi, jicho litaona mashimo. T na A zinaonekana zimeachana, A na W vivyo hivyo, A na V pia, kwa sababu herufi hizi zina mishazari inayoacha uwazi juu au chini. Kisha andika NDIMI kwa kipimo kilekile, utaona limebanana kwa kuwa nguzo zake zote zimesimama wima. Kwa hiyo nafasi haipimwi kwa rula, inapimwa kwa jicho. Kiswahili kimejaa WA, TA na YA, kwa hiyo dizaina wa huku asiyejua kurekebisha nafasi za herufi anaumbuka kwenye kila bango. Tangu wiki ile siwezi kupita chini ya bango la WATAALAMU WA MACHO bila kuangalia ile W na A. Hakuna video iliyonifundisha hilo, kwa sababu karibu zote zinatumia mifano ya Kiingereza.

Suala hilohilo linarudi kwenye violezo vya Canva. Kiolezo kimepangwa kwa neno moja fupi lenye herufi nne kwa ukubwa wa kutisha. Wewe unataka kuandika PUNGUZO LA BEI, halikai. Unapunguza maandishi mpaka yanakuwa madogo, na kile kilichofanya kiolezo kivutie kinakufa. Mtu aliyefundishwa kupanga ukurasa anajua hapo anavunja mpangilio na kuujenga upya kwa kufuata maneno aliyonayo. Na ukiiachia programu ikate maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za lugha nyingine, utakuta imekata katikati ya ng' au ny.

Somo ambalo sitalisahau lilikuwa la mawasiliano kwa picha, na kazi yenyewe ilikuwa bahasha ya dawa. Ile bahasha ndogo unayopewa dirishani, imeandikwa kwa kalamu 1x3. Mtoa dawa anajua maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Lakini isome kama mtu ambaye hakuelezwa, au aliyeelezwa akiwa na homa na mtoto analia mgongoni. Moja mara tatu ni tatu. Mtu anaweza kumeza vitatu kwa mpigo. Tukaambiwa tusanifu bahasha ambayo hata asiyejua kusoma vizuri ataielewa, na kabla ya kuchora chochote tukusanye michoro inayotumika kuonyesha nyakati za siku, twende nayo kwa watu tukawaulize wanaona nini.

Kundi letu lilikwenda stendi ya Mbagala. Tulikuwa na picha za jua nusu juu ya mstari, jua kamili, mwezi na nyota, na saa ya ukutani. Bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga tukamsalimu, tukampa kadi ya jua nusu. Akaishika mbali kidogo na uso, akaigeuza, akairudisha.

"Sasa mjukuu wangu," akasema, "hili jua linachomoza au linazama?"

Swali hilo liliua mchoro unaotumika sehemu nyingi sana. Jua nusu ni asubuhi na ni jioni vilevile, na hakuna rangi utakayoweka ikaondoa utata huo, hasa bahasha ikichapwa kwa wino mmoja. Mwezi na nyota haukuwa na shida kwa mtu yeyote. Saa ya ukutani ndiyo ilikuwa hatari zaidi. Mishale ikionyesha 8 kamili, anayeijua saa anasoma saa mbili asubuhi. Anayetambua tarakimu tu anaona 8 na kukwambia saa nane mchana. Hiyo ni tofauti ya saa sita kwenye dozi. Huwezi kuchukua mchoro wa nchi nyingine ukaupachika hapa bila kumuuliza anayeutumia, maana sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza.

Kundi jingine lilikuja na wazo la kikombe cha chai kwa asubuhi, sahani ya ugali kwa mchana na kitanda kwa usiku. Watu waliokutana nao walilielewa mara moja. Mfamasia aliyealikwa darasani akalikataa papo hapo, na alikuwa na haki: zipo dawa zinazotakiwa kumezwa kabla ya kula, na kikombe cha chai kinasema kinyume. Nilijifunza kwamba picha kueleweka haraka hakutoshi, lazima ieleweke kwa maana ileile uliyoikusudia.

Tulichofikia mwisho kilikuwa rahisi kukitazama. Safu tatu zenye maneno ASUBUHI, MCHANA, USIKU kwa herufi nene, mwezi juu ya safu ya tatu peke yake, na chini ya kila neno viduara vitupu ambavyo mtoa dawa anavijaza kwa kalamu. Vidonge viwili asubuhi, viduara viwili vyeusi. Mwalimu akatueleza kwamba wazo la kuonyesha wingi kwa kurudia alama yenye ukubwa uleule, badala ya kuikuza alama moja, lina historia ndefu. Msomi wa Austria, Otto Neurath, alilijenga Vienna miaka ya 1920, alama zikichorwa na Gerd Arntz, na baadaye likaitwa Isotype. Mjane wa Otto, Marie Neurath, alilipeleka Nigeria Magharibi miaka ya 1950, kwenye vijitabu vya serikali kuhusu afya, kilimo na elimu. Kusikia kwamba vijitabu vya zahanati na mashamba ya Afrika vilishawahi kufanyiwa kazi ya namna hiyo miaka yote hiyo iliyopita kulinipa heshima mpya kwa fani hii. Mpaka leo nikimwona mtu kashika bahasha ya 1x3 roho inaniuma, kwa sababu suluhisho lake linagharimu wino kidogo sana.

Kitu kingine ambacho mdogo wako hatakipata chumbani kwake ni ukuta. Kila Ijumaa kazi zote zilibandikwa ukutani, na mwenye kazi haruhusiwi kuongea. Wenzake wanasema wanachokiona: jicho linaanzia wapi, linaishia wapi, nini hakisomeki ukisimama mlangoni. Wewe unaandika tu. Mwanzoni inachoma. Lakini bango likishatundikwa barabarani wewe hutakuwepo kulieleza, na ukuta ule unakuzoesha hilo mapema. Walimu walikuwa na kipimo cha kazi cha kuanzia: herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 inasomeka kwa raha mtu akiwa umbali wa mita 3 hivi. Kokotoa sasa ukubwa wa namba ya simu kwenye bango ambalo abiria wa daladala analiona toka upande wa pili wa barabara, utaelewa kwa nini matangazo mengi ni pesa iliyotupwa.

Kanga pia tulifundishwa, na si kama urembo. Ilitandazwa mezani tukaisoma kama ukurasa: pindo linazunguka pande zote, mji katikati, jina, yaani yale maandishi, kwenye kisanduku chake upande wa chini. Ni mpangilio uliokaa tangu enzi jina likiandikwa kwa herufi za Kiarabu, na umedumu kwa sababu uliwaza jinsi nguo inavyovaliwa. Mama akijifunga, jina linaangukia mahali ambapo aliye nyuma yake atalisoma. Ukiwa na mfano kama huo kabatini kwa mama yako, huna haja ya kuanza kujifunza mpangilio kwa majarida ya Ulaya.

Field, yaani mafunzo kwa vitendo, niliifanya kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo. Nitasema kwa kifupi kwa sababu mambo mengi ya huko ni ya kiufundi, ila ndiyo yanayotenganisha anayelipwa na asiyelipwa. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi inarudisha mwanga, kwa hiyo bluu kali unayoiona kwenye kioo haipo kwenye wino. Ukiipeleka ilivyo, inatoka na uzambarau. Fundi mashine alinionyesha kwa kidole kwenye karatasi iliyotoka muda huohuo: majenta (wino wa pinki iliyokolea) imezidi, ipunguze ndipo bluu ibaki bluu. Rangi kuzidi mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande ni lazima, la sivyo kisu kikiyumba kidogo kadi zote zinabaki na mstari mweupe pembeni. Na kazi ya rangi mbili inahitaji pleti (bamba la kuchapia, moja kwa kila wino) mbili badala ya nne za kazi ya rangi zote. Mteja mwenye bajeti ndogo ukimpangia kadi ya rangi mbili vizuri, umemwokolea pesa na kazi inapendeza.

Sasa kuhusu kuchagua chuo. Usiangalie picha za maabara ya kompyuta kwenye tangazo lao. Hakikisha kwanza kimesajiliwa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), au TCU (tume ya vyuo vikuu) kama ni shahada. Kisha nenda mwenyewe siku ya katikati ya wiki, uulize kama kazi za wanafunzi zinabandikwa na kujadiliwa, kama wanachora kwa mkono, na kama wanapelekwa kwenye kiwanda cha uchapaji. Ukiambiwa mwaka wa kwanza ni Photoshop mwanzo mwisho, ondoka, hiyo kweli ataipata YouTube bure. Kama ada haipatikani mwaka huu, mtafutie nafasi ya kukaa kwenye duka la uchapaji hata bila mshahara kwa miezi michache, na Jumamosi akae na wale mafundi wanaoandika mabango kwa brashi. Mikono ile inajua herufi kuliko wengi wetu wenye vyeti.

Kompyuta isikutishe. Ya mezani iliyotumika, yenye RAM ya GB 16, inamtosha kuanzia, na programu za Inkscape, GIMP na Scribus ni za bure na zinafanya kazi ya kweli. Kama anataka nimtazamie kazi zake, mwambie anitumie tatu au nne PM (ujumbe binafsi). Azitume kama faili lenyewe, asizipitishe WhatsApp kama picha, maana inazibana na nitashindwa kuona herufi zake zimekaaje.