Kwa ndugu zangu mlioona picha mkasema nimeacha wokovu

Shalom wapendwa. Siku hizi naulizwa sana, wengine wamekuja inboksi, wengine wamepitia kwa mama, na wengine mimi hawajaniuliza kabisa wamewauliza wenzangu, eti ni kweli huyu dada tangu aende ughaibuni kaacha wokovu? Chanzo ni picha niliyotagiwa kwenye sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu, nimevaa suruali, nywele nimeachia, glasi mkononi, na pembeni yangu kasimama kaka mmoja ana tatuu mkono mzima. Ile picha imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ikafika kwenye grupu la maombi na huko nikaandikwa kwenye orodha ya waliorudi nyuma. Kuombewa sikatai jamani, niombeeni tena sana. Ila leo naomba na mimi nisikilizwe.

Hiyo picha tuimalize kwanza. Kwenye glasi kulikuwa na soda. Suruali ni kwa vile nilitoka kazini moja kwa moja, na kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Na huyo kaka wa tatuu ndiye anayetufungulia ukumbi tunaokutana kusoma Biblia katikati ya wiki, anapanga viti, anachemsha chai, halafu yeye na mkewe wananirudisha nyumbani maana saa hizo basi hakuna. Zamani alikuwa mtu wa madawa ya kulevya, Yesu akamtoa huko, tatuu zikabaki. Ninyi mmeona tatuu, ushuhuda wake hamjawahi kuusikia, na sishangai, kwenye picha haukuwepo.

Sasa niwaambie maisha yangu huku yalivyo. Nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti nyingi ni za usiku. Kuna bibi mmoja macho yameshamwishia, halali mpaka asomewe Zaburi ya 23, basi namaliza kugawa dawa nakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda chake namsomea kwa lugha yake, nakwama hapa nakwama pale, na yeye ananirekebisha matamshi huku kafumba macho, tukifika kwenye bonde la uvuli wa mauti ananishika mkono na kuanzia hapo anaisema mwenyewe kwa kichwa hadi mwisho. Hiyo ndiyo ibada yangu ya usiku, na hamtaiona kwenye stetasi yangu hata siku moja, kwa sababu kumpiga picha mtu unayemhudumia ni marufuku, ni faragha yake, ukithubutu kazi huna. Sehemu kubwa ya imani yangu huku haipigiki picha. Na hata ingepigika, Bwana Yesu kwenye Mathayo 6 alisema ukisali ingia chumbani ufunge mlango, hakusema ufungue kamera.

Sitawadanganya kwamba huku ni rahisi. Kuna Jumapili nyingi niko kazini, ibada naifuatilia kwenye simu ndani ya basi nikiwa nusu nimelala. Upweke upo, tena wa kukaa na mtu miaka. Huku hakuna jirani wa kukuuliza mbona jana kanisani hatukukuona, ukiamua kuacha kusali hakuna mtu atakayejua, unabaki wewe na Mungu wako, na wapo waliopoa kweli na wengine wameacha kabisa, nawajua kwa majina. Lakini hao walioacha sijaona hata mmoja aliyerudishwa na skrinshoti. Waliorudi ni wale waliopigiwa simu na mtu aliyewapenda, akaongea nao saa nzima hata neno kanisa hakulitaja.

Na mnajua nini kinaniuma zaidi kuliko hiyo picha yangu? Ni huku kupima kwa macho upande wa pili. Kuna ndugu mmoja huku alikuwa kila alfajiri anaposti mstari na picha ya jua linachomoza, chini yake watu wa nyumbani wanajaza komenti, Amina mtumishi, umeinuliwa baba. Kumbe mwenzenu kafukuzwa kwenye chumba, analala kwenye makochi ya watu, hali vizuri, ameanza kusema maneno ya kutotaka kuishi. Sisi wa karibu tuligundua kwa kuchelewa na nyumbani hakuna aliyempigia, wangempigia kwa lipi wakati ukurasa wake unang'aa? Yeye hakuombewa na mtu, mimi wa soda ndiye niliyeombewa.

Halafu kuna picha za magari. Mtu kasimama pembeni ya gari kaandika Mungu ametenda, na nyumbani mzazi anamwambia mwanae mwingine, mwenzako kamtumikia Mungu kabarikiwa, wewe mbona kimya? Wanasema usione vyaelea vimeundwa, na vingine wala havijaundwa, vimekopwa, na mwenye deni hawezi kulisema maana ameshapongezwa.

Na hizi apu mjue haziwaletei maisha ya mtu, zinawaletea kile kitakachowafanya msimame mtazame, mlaiki, mbishane, mtumiane, ndivyo zilivyotengenezwa ili mkae humo muda mrefu. Kwa hiyo picha ya glasi itatembea mabara mawili, na mstari niliouweka juzi mmeuona watu wachache ukapotea baada ya masaa 24. Ukisema nimemwona fulani, ujue umeona kipande kilichochaguliwa na aliyekiposti kisha kikachaguliwa tena na mashine.

Yohana 7:24 inasema, "Basi msihukumu hukumu ya macho tu, bali ifanyeni hukumu iliyo ya haki." Kwenye 1 Samweli 1 Eli alikuwa kuhani, kakaa pale pale Shilo kwenye nyumba ya Mungu anamtazama mwanamke aitwaye Hana, midomo inacheza sauti haisikiki, akaamua huyu kalewa, kumbe ni mama mwenye uchungu anaomba mtoto. Kama kuhani alikosea akiwa hatua chache tu, mimi na wewe tulioshika simu tutapatia wapi? Lakini Eli angalau alimsemesha mwenyewe, Hana akapata nafasi ya kujibu, na aliondoka na baraka.

Someni pia Yoshua 22, mimi hiyo sura nimeishi nayo sana huku. Wareubeni, Wagadi na nusu ya Manase, makabila ya Israeli, walikuwa upande wa pili wa mto Yordani, wakajenga madhabahu kubwa ya kuonekana kwa mbali. Ndugu zao wakasikia, wakakusanyika Shilo tayari kwenda vitani, wakisema hawa wamemwasi Mungu. Ila kabla ya vita walimtuma Finehasi, mwana wa kuhani, na wakuu kumi waende kuuliza. Na jibu walilopewa linanitoa machozi kila nikilisoma, kwamba tuliijenga kwa hofu, tusije siku moja watoto wenu wakawaambia watoto wetu, ninyi wa ng'ambo ya mto hamna sehemu kwa BWANA. Yaani kile walichoshtakiwa nacho ndicho walichokuwa wanakipigania! Finehasi akaridhika, vita ikaisha kabla ya kuanza.

Sisemi msituonye. Tuonyeni, tunahitaji sana, lakini Mathayo 18:15 imesema wewe na yeye peke yenu, na grupu la watu mia mbili siyo peke yenu.

Nimesikia kuna binti wa hapo kanisani amepata nafasi ya kuja huku, na kwenye kumuaga ameambiwa asije akawa kama mimi. Naomba msimtishe na picha, ana mengi ya kuogopa tayari. Mpeni namba yangu. Nitampokea, nitampeleka kwenye ule ukumbi, yule kaka mtamjua kwa tatuu, na wiki za mwanzo akilia usiku anipigie hata nikiwa shifti, nitatoka nje nipokee. Na ninyi mwenye swali juu yangu namba ni ile ile, Jumanne na Jumatano huwa niko nyumbani, msipige asubuhi tu maana ndio nimetoka kazini nimelala.