Depoziti Ni Hela Yako: Nilivyoidai kwa Mwenye Nyumba Nikiwa England

Wiki mbili baada ya kukabidhi funguo za fleti niliyokuwa nimepanga Leeds, mwenye nyumba aliniandikia barua pepe. Depoziti yangu ilikuwa pauni 900, naye alitaka kukata 540: zulia jipya 350, usafi 120, kupaka rangi chumba cha kulala 70. Niliisoma nimesimama kati ya maboksi ambayo hata sijayafungua, na wazo la kwanza lilikuwa kuachana nayo. Ugenini mtu huzoea kumeza. Unajiambia nchi ni yao, sheria ni zao, nani atanisikiliza mimi.

Sikumeza, na nilirudishiwa pauni 830. Naandika haya kwa sababu nimeona ndugu wengi wakiacha hela zao kwa kudhani kwamba depoziti ikishatoka mkononi ni ya mwenye nyumba, na wao wanaomba huruma. Sivyo. Hela inabaki kuwa yako mpaka yeye athibitishe kwamba ana haki ya kukata. Mzigo wa ushahidi ni wake. Nilipolielewa hilo, hata namna yangu ya kuandika ilibadilika: niliacha kujitetea, nikaanza kumuuliza ana ushahidi gani.

Nazungumzia England hapa. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao, zinafanana kwa mengi lakini si zilezile.

Tangu Aprili 2007, mwenye nyumba anayepokea depoziti kwa upangaji wa kawaida analazimika kuiweka chini ya mojawapo ya mifumo ya kulinda depoziti iliyoidhinishwa na serikali. Iko mitatu: Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Ana siku 30 tangu apokee hela, na ndani ya siku hizohizo akupe maelezo ya maandishi yanayosema imewekwa wapi. Kama hukupewa chochote, usikae unakisia. Ingia kwenye tovuti za yote mitatu, uandike jina lako, msimbo wa posta wa nyumba na tarehe uliyoanza kupanga, utajua. Kiasi nacho kina kikomo tangu Juni 2019: depoziti haizidi kodi ya wiki tano, kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Mimi nilikuwa nalipa 780 kwa mwezi. Zidisha kwa 12, gawanya kwa 52, unapata 180 kwa wiki. Mara tano ni 900 kamili. Piga hesabu yako kabla ya kutia sahihi.

Sasa nirudi kwenye zile 540, maana hapo ndipo penye mafunzo.

Zulia niliharibu mimi. Pasi ilianguka karibu na dirisha ikaacha alama ya kahawia yenye ncha, saizi ya kiganja, nyuzi zimeyeyuka na kuwa ngumu. Sikukana, na nawasihi nanyi msikane kosa lililo wazi, kwa sababu msuluhishi, yaani mtu wa mfumo wa depoziti anayeamua mgogoro mkishindwa kuelewana, akikukuta unadanganya kwenye moja atakushuku kwenye yote. Nilichokataa ni bei. Orodha ya hali ya nyumba tuliyosaini siku ya kuingia ilisema wazi kwamba zulia limetumika na limepauka sehemu kadhaa, nami nikalikanyaga miaka miwili zaidi. Mwenye nyumba haruhusiwi kubadilishiwa kitu kikuukuu kwa kipya kwa gharama yako. Mfano wa hesabu yenyewe: zulia la pauni 600 linalotegemewa kudumu miaka 10, likiharibika baada ya miaka saba, thamani iliyobaki ni miaka mitatu, yaani 180. Na kuchakaa kwa matumizi ya kawaida, kama nyuzi kulala pale mlangoni watu wanapopita kila siku, hakukatwi hata senti. Kwangu msuluhishi alimpa mwenye nyumba 70 badala ya 350.

Usafi ulikuwa mwepesi zaidi. Alidai oveni ilikuwa chafu. Siku ninaingia nilikuwa nimeipiga picha mlango ukiwa wazi: mafuta meusi yameganda kwenye kioo na trei ya chini ina makombo ya mtu mwingine kabisa. Picha ile nilimtumia jioni ileile kwa barua pepe, kwa hiyo ilikuwa na tarehe ambayo hakuna wa kuibishia. Kanuni ni kwamba unarudisha nyumba ikiwa safi kama ulivyoikuta, si zaidi. Na ukiona mkataba unakulazimisha kulipia kampuni ya usafi unapohama, kifungu hicho hakina nguvu tangu sheria ya 2019. Alipata sifuri.

Rangi ilihusu ukungu mweusi uliotambaa juu ya dirisha la chumbani. Alisema nilianika nguo ndani na sikufungua madirisha. Lakini majira ya baridi yote nilimwandikia mara tatu kwamba feni ya kutolea hewa bafuni imekufa na maji yanatiririka kwenye vioo. Barua hizo tatu zilimaliza kesi. Hapo pia sifuri.

Angalia kilichonisaidia: orodha, picha, barua. Ufasaha wangu wa Kiingereza haukuhusika, wala sikuonana na mtu. Msuluhishi hafiki kwenye nyumba na hakuna kikao. Anasoma mlichoambatanisha nyote wawili, kisha anaamua. Huduma hiyo hulipii. Ila inahitaji pande zote mbili zikubali, na uamuzi ukishatoka umetoka. Mwenye nyumba akikataa usuluhishi, unabaki na njia ya mahakama ya madai madogo. Akitoweka kabisa hajibu, uliza mfumo unaoshikilia hela yako kuhusu kudai peke yako kwa kiapo cha maandishi.

Kosa nililokaribia kulifanya ni simu. Mwenye nyumba alikuwa akipenda kupiga, anaongea kwa upole, anasema usijali tutaelewana. Nami kwa malezi yangu naona aibu kumwandikia mtu mzima barua ya madai, inakuwa kama namwita mwizi. Dawa niliyoipata ni hii: kila baada ya simu namtumia mistari miwili, "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nathibitisha kwamba tulikubaliana hivi na hivi." Heshima inabaki na ushahidi unabaki.

Jambo la pili, usizuie kodi ya mwezi wa mwisho ukidhani mtafidiana kwenye depoziti. Unageuka kuwa mdaiwa, na hoja zako zote nzuri zinafifia.

Na kama ukigundua depoziti haikulindwa kabisa? Hapo wewe ndiye mwenye nguvu. Mahakama inaweza kumwamuru mwenye nyumba akulipe kati ya mara moja na mara tatu ya depoziti, juu ya depoziti yenyewe. Rafiki yangu aliandika barua moja tu ya kutaja hilo, akampa siku 14, hela ikaja yote kabla ya kufika mahakamani. Kabla ya kuandika pata ushauri wa bure kwa mashirika kama Citizens Advice au Shelter, na kama ni mwanafunzi ulizia ofisi ya ushauri ya chama cha wanafunzi.

Linaloniuma ni wale wasiofikiwa na ulinzi huu. Wengi wetu tukifika tunachukua chumba kwa mwenzetu, kwa maneno ya mdomo, naye anaishi humohumo ndani. Mwenye nyumba anayeishi nawe nyumba moja hana wajibu wa kuweka depoziti kwenye mifumo hiyo. Bado unaweza kumshtaki kwa kukushikia hela, lakini bila karatasi utaanzia wapi? Mwombe risiti. Akiona vibaya, lipa kwa benki na uandike "depoziti ya chumba" kwenye maelezo ya muamala. Usimpe taslimu hata kama ni mtu wa kwenu.

Kwa anayerudi nyumbani moja kwa moja: usifunge akaunti ya benki ya Uingereza mpaka hela iingie, na usitumie anwani ya barua pepe ya chuo kwenye madai, maana huzimwa baada ya kumaliza. Mkishakubaliana kiasi, au uamuzi ukishatoka, malipo hufanyika ndani ya siku 10.